Parasetamoli ya Alfajiri Haimponyi Mtoto, Humfikisha Darasani Tu

Dawa ya kushusha homa hufanya kazi kwa saa nne hadi sita. Mtoto aliyepewa parasetamoli saa kumi na mbili asubuhi ataingia darasani mchangamfu, ataitikia jina lake, na mwalimu hataona kitu. Saa nne, kengele ya mapumziko inapolia, joto huanza kupanda. Ikifika saa sita kichwa kimeshalala juu ya dawati na mtoto anatetemeka ndani ya joto la Lamu. Muda wote huo wa asubuhi alikuwa akipumua, akikohoa na kupiga chafya karibu na wenzake. Parasetamoli hupunguza joto la mwili na maumivu, basi. Kirusi cha homa ya mafua haikigusi. Homa imefichwa, na maambukizi yanaendelea kama kawaida.

Yako mengi yanayosambaza homa ya mafua katika shule na vyuo vyetu vya Qur'ani, na mengine hatuna uwezo nayo. Kijiko hicho cha alfajiri tunaweza kukiacha kesho, bila kununua chochote wala kusubiri amri ya mtu. Sisemi mtoto asipewe dawa. Apewe, maumivu yapungue, apate kulala. Lakini mtoto aliyehitaji dawa ya homa asubuhi ya leo, leo hana shule.

Mafua ya kawaida na homa ya mafua ni magonjwa mawili. Mafua ya kawaida huanza pole pole: koo linawasha, pua inatiririka, na mtoto anacheza vile vile. Homa ya mafua huletwa na virusi vya influenza, hasa aina A na B, nayo huvamia ghafla. Mtoto aliyekuwa akiogelea alasiri, magharibi hajiwezi: homa kali, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, kikohozi kikavu, chakula hakitaki. Watoto wadogo wengine hutapika na kuhara pia, na mzazi akadhani ni chakula kilichomdhuru.

Kuanzia anapoambukizwa hadi dalili ya kwanza hupita siku 1 hadi 4, mara nyingi 2. Huanza kuambukiza wengine kama siku moja kabla hajaonyesha dalili yoyote, huambukiza zaidi katika siku 3 au 4 za mwanzo wa ugonjwa, na kwa kawaida huendelea hadi siku ya 5 au ya 7. Watoto wadogo na wenye kinga dhaifu huweza kuambukiza kwa muda mrefu zaidi. Ile siku moja ya kabla ya dalili hatuna la kuifanyia, na kwa hiyo hata mji mzima ukifuata kanuni, homa haitakwisha kabisa. Lakini zile siku 3 au 4 ambazo kirusi humwagika kwa wingi ndizo hizo hizo ambazo mtoto ana homa, na ndizo ambazo dawa ya alfajiri humtoa nyumbani.

Nchi za baridi zina msimu wao wa homa ya mafua. Sisi tulio karibu na ikweta, virusi hivi huzunguka mwaka mzima, mara vikipanda, mara vikishuka. Kusi ikivuma na masika ikanyesha, madirisha hufungwa, turubai za boti huteremshwa, watu hubanana. Cha kuogopa ni hewa hiyo iliyofungiwa, wala si upepo wenyewe. Maji ya barafu na aisikrimu havileti virusi, na kumnyima mtoto vitu hivyo hakumkingi na jirani yake wa darasani anayekohoa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mtoto abaki nyumbani tangu homa inapoanza mpaka zipite saa 24 kamili bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Ni masharti mawili, na la pili ndilo tunaloliruka. Tuchukue mfano. Homa imeanza Jumapili jioni. Jumatatu na Jumanne joto linapanda na kushuka kwa dawa. Dozi ya mwisho ameinywa Jumanne saa tatu usiku. Jumatano asubuhi hana joto, anaomba mahamri, anamgombeza mdogo wake. Wazazi wengi wangemvisha sare. Lakini ile dozi ya usiku imeisha nguvu kama saa tisa za usiku, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Jumatano ni siku ya kumtazama. Akiimaliza bila dawa na bila joto, na akalala vizuri, Alhamisi aende.

Ili kanuni hii ifanye kazi lazima homa ipimwe. Kiganja cha mama kwenye paji la uso kinajua kwamba mtoto ana joto, ila hakiwezi kulinganisha joto la sasa na la jana usiku. Kipima joto cha dijitali kinauzwa kwenye maduka ya dawa. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza hata kuchangia kimoja, kikifutwa kwa sabuni na maji kila kinapotumika, bila kuloweshwa. Kiwekwe kwapani katikati kabisa, ngozi ikiwa kavu, mkono ubanwe kifuani mpaka kilie. Mtoto asipimwe mara tu baada ya kuogeshwa au kutolewa ndani ya blanketi. Asubiri kama robo saa. Kwapani, nyuzi 37.5 au zaidi ni homa.

Yapo mengine yanayomweka mtoto nyumbani hata asipokuwa na joto: anatapika au anaharisha, anapumua kwa shida, au amechoka kiasi kwamba hata mchezo hautaki. Kamasi tupu, bila homa, halitoshi. Mtoto mdogo hupata mafua ya kawaida mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na tukimfungia kwa kila kamasi hatasoma. Rangi ya kamasi nayo isitubabaishe. Linaweza kugeuka njano au kijani katika mafua ya kawaida yasiyohitaji dawa yoyote.

Kwetu Lamu kanuni hii huvunjika alasiri. Shule hakwenda, lakini joto likishuka baada ya chakula cha mchana anaambiwa avae kanzu aende chuoni, maana chuo ni hapo karibu tu. Kwa upande wa maambukizi, chuo kinaweza kuwa hatari kuliko darasa. Watoto wameketi mkekani bega kwa bega, wanasoma wote kwa sauti ya juu, na wawili watatu wanatazama juzuu moja. Kusoma kwa sauti hutoa matone mengi zaidi kinywani kuliko kukaa kimya. Maalim hapungukiwi heshima mtoto mgonjwa anapobaki kwao. Kinachompunguzia kazi yake ni nusu ya wanafunzi kuwa vitandani wiki inayofuata. Na kama walimu wa vyuo wangelisema hili wenyewe, mara moja tu, mbele ya wazazi, lingesikika kuliko tangazo lolote la afya. Vivyo hivyo arusi, shughuli za Maulidi, na safari ya boti ya kwenda kumsalimu shangazi Faza: mtoto yuko nyumbani au hayuko.

Kubusu mkono wa wakubwa ni adabu yetu na wala hapana haja ya kuiacha. Mtoto mwenye kamasi na kikohozi atoe salamu kwa mdomo, akiwa amesimama hatua mbili tatu mbali, na mkubwa amwitikie kwa furaha bila kumvuta. Mtu mzima akianza yeye kuondoa mkono kwa upole, mtoto hatahisi amekosa adabu.

Kubwa zaidi ni bibi. Mama anauza sokoni, baba yuko baharini, mtoto ana homa. Anapelekwa kwa bibi. Tunafanya hivi kwa mapenzi, na mara nyingi hapana njia nyingine, lakini tujue tunachokifanya. Homa ya mafua huwaelemea zaidi watu wa miaka 65 na kuendelea, wajawazito, watoto wachanga, na wenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo au selimundu. Tunamtoa mtoto kati ya wenzake, ambao wengi wangeugua siku tano wakapona, tunamweka karibu na mtu anayeweza kupata nimonia. Ikiwa hapana budi, bibi asilale naye kitanda kimoja, asile mabaki ya sahani yake, wakae kiwandani (ua ulio wazi ndani ya nyumba) au barazani penye hewa badala ya chumba cha ndani, na anawe mikono kwa sabuni kila anapomfuta kamasi. Njia iliyo bora ni wazazi wawili kugawana siku, au majirani wawili wenye watoto wakubwa kidogo kupeana zamu, na makubaliano hayo yafanywe kabla ugonjwa haujaja.

Hapa hapa Pwani, watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome walioko Kilifi waliwahi kufuatilia familia nyumba kwa nyumba ili wajue watoto wachanga wanatoa wapi RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa kinacholeta nimonia. Waliona kwamba mara nyingi aliyekiingiza nyumbani ni kaka au dada mkubwa, hasa anayekwenda shule. Homa ya mafua nayo hupenda njia hiyo hiyo. Kwa hiyo anayembakisha nyumbani mtoto wake wa Gredi ya 3 anawalinda pia watoto wachanga wa nyumba asizozijua.

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto akiwa na homa hawafanyi hivyo kwa kutojua. Wanaogopa kukosa ujira wa siku, wanaogopa mtihani, wanaogopa swali la mwalimu. Tukiwahubiria afya bila kugusa haya tunapoteza sauti zetu. Shule inayotoa zawadi kwa mtoto asiyekosa hata siku moja mwaka mzima inamlipa mzazi ili alete ugonjwa darasani, hata kama nia yake ni njema. Zawadi hiyo ibadilishwe: siku ya ugonjwa iliyoarifiwa kwa simu kabla ya kengele ya kwanza isihesabiwe kuwa utoro. Jaribio la wiki lirudiwe kwa aliyekuwa mgonjwa. Mwalimu wa darasa awe na namba mbili za simu kwa kila mtoto, ya mzazi na ya mtu wa pili anayeweza kufika ndani ya nusu saa, ili mtoto aliyepandwa na joto saa nne asilale juu ya dawati hadi saa tisa. Wakati akisubiri, akae varandani au kivulini chini ya mti, mbali na wengine, si kwenye kijichumba cha ofisi chenye dirisha moja. Akiwa na miaka zaidi ya 5 anaweza kuvaa barakoa. Aliye chini ya miaka 2 asivalishwe kamwe, kwani inaweza kumzuilia pumzi.

Sasa mtoto yuko nyumbani. Kazi ya kwanza ni maji. Homa na pumzi za haraka hukausha mwili, na mtoto asiyekunywa huharibikiwa upesi kuliko asiyekula. Maji safi, uji mwepesi, supu ya samaki, maji ya dafu, vyote vinafaa. Anayenyonya aongezewe mara za kunyonya, hata kama mama mwenyewe ana homa, mradi afunike pua na mdomo na anawe mikono. Anayetapika asipewe kikombe kizima. Apewe kijiko kimoja cha mililita 5 kila baada ya dakika 2 au 3, na akitapika asubiri dakika 10 kisha aanze tena taratibu. Akiharisha apewe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na hapa kosa la kawaida ni kipimo: pakiti nyingine ni ya nusu lita, nyingine ya lita nzima. Soma pakiti, pima maji kwa chupa ya nusu lita, usikisie kwa glasi. Mchanganyiko mzito mno huzidisha kuhara na huweza kudhuru. Mkojo ndio kipimo chako: mtoto aliyepitisha saa 8 bila kukojoa, mdomo umekauka na analia bila machozi, apelekwe kituo cha afya.

Dawa ya homa hupimwa kwa uzito, na uzito wa mtoto mdogo umeandikwa kwenye kitabu cha kliniki. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima. Dawa ya maji iliyo ya kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto wa kilo 8 hadi 12 basi hutoshwa na mililita 5. Wa kilo 15 mililita 7.5. Wa kilo 20 anayeweza kumeza hutoshwa na nusu ya kidonge cha miligramu 500. Lakini ziko chupa zenye miligramu 250 katika mililita 5, na za matone ya watoto wachanga zenye nguvu zaidi ya hizo. Mzazi aliyezoea chupa moja akanunua nyingine humpa mtoto dozi mara mbili bila kujua. Vijiko vya chai vya nyumbani navyo havilingani. Tumia kifuniko cha kupimia au sirinji isiyo na sindano.

Hatari nyingine imejificha ndani ya dawa za mafua za mchanganyiko. Nyingi zina parasetamoli ndani yake, na mtoto aliyepewa hiyo pamoja na dawa ya homa amepewa parasetamoli mara mbili. Ini ndilo linaloumia. Kwa aliye chini ya miaka 6, dawa za kikohozi na mafua za dukani zina madhara kuliko faida. Aspirini asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16 mwenye homa ya mafua, maana huweza kuleta ugonjwa wa nadra unaoharibu ini na ubongo. Antibiotiki haziui virusi. Mabaki ya chupa ya amoksilini ya mwezi uliopita yamwagwe: ikishachanganywa na maji hudumu siku chache tu. Kwa watoto walio katika hatari zaidi daktari anaweza kuamua kutoa dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Hiyo ni sababu moja ya mama mwenye mtoto wa pumu au selimundu kutosubiri siku ya nne.

Asali hutuliza kikohozi: nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa miaka 1 hadi 5, kijiko kimoja kwa mkubwa zaidi, kabla ya kulala. Chini ya mwaka 1 ni marufuku, hata ya kupaka ulimini tu, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli. Pua iliyoziba ya mtoto mchanga isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kunyonya, si maji ya kisima wala ya bahari. Tangawizi kidogo katika chai ya mtoto mkubwa haina neno. Kumfunika mtoto shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka kuna neno kubwa: maji yakipinduka humwagikia mapajani na kifuani, na kuungua huko ni kubaya kuliko homa yenyewe. Udi na ubani vipumzishwe katika chumba cha mtoto anayekohoa, na jiko la makaa lisiingizwe ndani. Moshi huchubua njia ya hewa iliyokwisha kuvimba. Na kumkata mtoto kilimi kwa sababu ya kikohozi kuachwe kabisa. Kilimi hakileti kikohozi, na wembe huo umeleta kutoka damu nyingi, pepopunda na vifo.

Mvishe nguo nyepesi, umlaze penye hewa. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na madirisha machache ya nje, lakini zina kiwanda cha ndani, na mchana hapo ndipo pa kumweka mgonjwa. Usiku dirisha liwe wazi na chandarua kiteremshwe.

Chandarua hicho kinatukumbusha jambo ambalo makala nyingi za homa ya mafua zilizoandikwa kwa ajili ya Ulaya hazina haja ya kulisema. Pwani yetu, homa pamoja na viungo kuuma si lazima iwe homa ya mafua. Inaweza kuwa malaria, na malaria ya mtoto haisubiri. Inaweza kuwa dengi. Mwaka 2004 ilikuwa chikungunya, iliyoanzia hapa hapa Lamu na kuwakumba wakazi wengi wa kisiwa kabla ya kuvuka kwenda visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo au ya pili yake, hata kama ana kamasi na nusu ya darasa wana kamasi. Ni tone moja la damu, na majibu hutoka kwa muda wa kama dakika 20. Na mpaka ijulikane kwamba si dengi, asipewe ibuprofeni. Huweza kuzidisha hatari ya kutoka damu.

Sasa hatari zisizongoja. Mpandishe nguo kifuani mtoto akiwa ametulia, halali, wala hanyonyi, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana pumzi za watoto hazina mwendo mmoja. Aliye chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka: 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5: 40 au zaidi. Tazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa, kama anakoroma au kuguna kwa kila pumzi, kama midomo inageuka rangi. Hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, amepata degedege: aondoke nyumbani sasa hivi. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa yoyote aende siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima. Na mtoto aliyepata nafuu kisha siku ya nne au ya tano homa ikarudi na kikohozi kikazidi, mara nyingi bakteria wameingia kifuani nyuma ya kirusi. Huyo naye asingojwe.

Degedege inayoletwa na homa huwapata zaidi walio kati ya miezi 6 na miaka 5. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Usimtie kijiko katikati ya meno. Usimnyweshe kitu chochote, iwe dawa, maji au kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Qur'ani), kwa sababu asiyejitambua hawezi kumeza na kinachoingia mdomoni huishia mapafuni. Dua isomwe, na isomwe njiani. Degedege ikipita dakika 5 ni dharura kubwa. Hata ikikoma mapema, apimwe siku hiyo.

Kwa walioko Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, uamuzi huu una saa yake ya bahari. Boti za kuja Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa chombo hakipiti, kinazunguka au kinasubiri. Mtoto ambaye pumzi zake zimeanza kukaribia hesabu ya hatari saa kumi alasiri asiachwe aamke nayo. Uliza maji yanajaa saa ngapi, zungumza na nahodha kabla ya magharibi, na upigie zahanati iliyo karibu uanze kupata huduma hapo wakati safari inapangwa. Ndani ya boti kaeni upande wa hewa, turubai likunjwe ikiwa mvua haimpati.

Kuhusu kinga sitasema mengi, maana wengi wanayajua. Tatizo ni yanavyofanywa. Kumiminia maji ya birika kwenye vidole kabla ya kula husafisha harufu ya samaki, hakuondoi kirusi. Mikono inahitaji sabuni na sekunde 20 za kusugua, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha, na zaidi ya yote baada ya kufuta pua. Kata moja ya mtungini inayopita kinywa hadi kinywa ibaki ya kuchotea tu, kila mmoja anywe kwa kikombe chake. Leso ya mama iliyofuta pua tatu kwa pembe moja huwagawia watoto wote. Kila mtoto awe na kitambaa chake kinachofuliwa kila siku. Kirusi hiki huweza kuishi juu ya chuma na plastiki kwa saa 24 hadi 48, kwa hiyo simu ambayo mgonjwa ameishika kutwa nayo ifutwe. Asiye na kitambaa akohoe kwenye kiwiko, asikohoe kiganjani.

Chanjo ya homa ya mafua ipo, ila haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto zinazotolewa bure nchini. Aghalabu hulipiwa katika hospitali za binafsi za miji mikubwa. Hutolewa kuanzia umri wa miezi 6. Mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa mara ya kwanza huhitaji dozi 2 zilizoachana kwa wiki 4, na kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na Shirika la Afya Duniani huchagua upya aina za kuwekwa ndani yake mara mbili kwa mwaka. Mwenye uwezo na mtoto wa pumu, selimundu au moyo aiulizie. Mjamzito akichanjwa humkinga na mtoto wake katika miezi ya mwanzo. Asiye na uwezo ana chanjo za bure zinazopunguza madhara ya homa hii. Ile ya nimokoko, iliyoingia katika ratiba ya Kenya mwaka 2011 na kutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, huzuia bakteria wanaovamia kifua baada ya kirusi. Ya surua hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, na hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa. Fungua kitabu cha kliniki leo utazame.

Siku ya kurudi shule, mtoto apewe kitambaa chake na chupa yake ya maji, na mwalimu aambiwe alianza kuumwa siku gani, ili naye awatazame waliokaa dawati moja naye kwa siku 4 zinazofuata. Asikimbizwe uwanjani siku mbili tatu za mwanzo. Kikohozi kitabaki kwa wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi kidogo, na hicho peke yake si sababu ya kumrudisha nyumbani. Kikipita wiki mbili bila kupungua, au akianza kupungua uzito na kutoka jasho usiku, apelekwe kupimwa kifua kikuu, ambacho vipimo na matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya serikali.